Idfai

Saa tisa usiku, wodi ya wazazi, Buraimi.
Nilikuwa napiga deki korido ya tatu
sista Liji aliponiita kwa vidole viwili,
kama mtu anayesimamisha teksi:
"Wewe. Afrika. Njoo."

Kitandani binti wa Kilifi, miguu imevimba,
kucha bado zanuka kitunguu cha jikoni kwa watu.
Karani aliuliza jina. Akajibiwa: Sidi.
Akacheka mpaka kalamu ikamwanguka,
maana hapa sidi ni bwana wangu,
na huyu kashushwa na dereva, kandambili moja mguuni.
Akaandika hivyo hivyo:
Bwana Wangu, Mkenya, mtumishi wa nyumbani.

Cheti cha ndoa?
Kipo kwa mume.
Mume yuko wapi?
Akanyoosha kidole dirishani,
kule taa za Al Ain zinakoanzia, nyuma ya ua wa nyaya.
Karisa, mlinzi wa ghala. Robo saa kwa gari,
kwa karatasi sijui miaka mingapi.
Mitende ile ile. Adhana ile ile.
Mbuzi wa huku akilia, wa kule huitikia.
Lugha yetu nayo ina hila zake: mpaka
ndio ua, na mpaka ndio kungoja.
Subiri mpaka cheti kije.
Kije mpaka wapi? Mpakani.

Picha ikaingia kwenye simu saa kumi kasoro,
imepinda, gumba la Karisa limo pembeni.
Karani akaikuza, akaikuza tena,
akagonga muhuri.

Mimi si mkalimani. Tanga niliuza vitenge,
na Kiarabu changu ni cha sabuni na milango:
funga, fungua, bado, haraka.
Lakini damu kwao ni dam, taabani ni taabani,
na mja mzito wanamwita hamil.
Nikamtazama Sidi, nikasema moyoni:
hamali, naam, hamali hasa,
wa ndoo, mazulia na watoto wa wenyewe, ngazi juu ngazi chini,
hadi leo jioni.

Uchungu ukakaza. Sista Liji,
naye mgeni, Kiarabu chake ameazima kama mimi,
akapaza sauti: "Idfai! Idfai!"
Sidi akageukia ukuta.
Akaacha kabisa.
"Idfai!"
Akazidi kujikunja, goti na kidevu.

Nikainama. Nini, mwanangu?
"Hata huyu," akasema, "hata huyu ananiambia hufai."

Bibi wa nyumba anayoitumikia alizaliwa Pemba;
Kiswahili alichobakiza kinatosha kutukana.
Chai imepoa: hufai. Shati limeungua: hufai.
Tumbo limeanza kuonekana: hufai, hufai.

Si hufai, nikamwambia. Idfai.
Maana yake sukuma.
"Sukuma?"
Sukuma.
Akacheka. Naapa alicheka,
kicheko kifupi, cha mtu aliyeibiwa akarudishiwa,
na kicheko chenyewe kikasukuma.

Msichana. Kilo mbili na nusu,
ngumi zimefumbwa kama kashika nauli.

"Kondo litazikwa wapi?"
Hilo sikumfasiria sista. Jibu nalijua:
mfuko wa njano, na mfuko wa njano ni kazi yangu.
Siku nyingine huuburuta.
Nikaubeba mikononi hadi kwenye tanuri,
nikataja jina la mama. La mtoto bado.

Nikarudi kumnong'oneza: kitovu kitadondoka kwa siku zake,
hicho hakina fomu.
Kifunge kwenye pindo la leso.
Udongo utachagua mwenyewe.

Kulipokucha msimamizi akauliza
korido ya tatu mbona haikupigwa deki.
Nilikuwa nafasiri, nikasema.
Akauchukua mkataba wangu,
akalamba kidole, akaanza kulitafuta neno hilo.